Mlango wa Bluu Nyuma ya Mashine ya Kusaga

Nyuso mbili, mtu mmoja. Hapo ndipo tulipomwacha Goretti, mkimbizi mwandaaji wa maonyesho ya picha, akili imemruka.

Uso wa kwanza ulikuwa juu ya shingo ya Mzee Modeste, mgeni rasmi, muuza vifaa vya ujenzi mjini Mbarara, mzee wa kanisa. Wa pili ulikuwa ukutani, ndani ya picha, juu ya shingo ya mtu mwenye bunduki kando ya mto. Kovu limeikata nyusi ya kushoto katikati. Hapa, na pale.

Ukumbi wa Nyamitanga ulikuwa mtupu. Milango ingefunguliwa saa nane mchana. Modeste aliwahi kufika kwa sababu wageni rasmi wa aina yake hupenda kuonyeshwa kiti chao mapema.

Sasa hakuwa na habari na kiti.

"Mama Olga," Modeste alimwambia Goretti polepole. "Hii tablo, nani aliichora?"

Jibu lilikuwa limebandikwa chini ya picha, kwa herufi kubwa alizoziandika Goretti kwa mkono wake.

Modeste aliinama akasoma kwa sauti, kama anayesoma zaburi:

"Appolinaire. *Kivuko*. Rangi juu ya turubai. Mchoraji anapatikana Nakivale, Juru, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa bluu."

Akanyooka.

"Mulango wa bluu," alisema. "Umeelekeza vizuri, mama."

Msomaji, usimlaumu. Au mlaumu, lakini kwanza sikia. Maonyesho yake ya kwanza aliyafanya Nakivale, kambi ya wakimbizi anakoishi, ndani ya kanisa la mabati. Mnunuzi akaja kutoka Kampala, akaipenda picha moja, akaondoka kwenda kumtafuta mchoraji. Alizunguka kati ya nyumba za udongo mpaka viatu vikajaa vumbi, asimpate, akapanda gari akarudi kwao. Goretti akaapa kwamba katika kazi yake jambo hilo halitatokea tena. Tangu siku hiyo kila kibandiko chake kinaeleza njia mpaka mlangoni.

Alijivunia vibandiko hivyo. Akasahau jambo ambalo kila mkimbizi hulijua kabla hajajua bomba la maji liko wapi: asiyekujua haambiwi unakolala.

Na nyuma ya mlango ule wa bluu, saa ileile, alikuwapo binti yake.

Olga alikuwa anajifunza kuchora kwa Papa Appolinaire. Alibaki kambini ili aje na picha ya pili, pacha wa hii, ambayo mzee alikuwa hajaimaliza. Kando ya *Kivuko* ukuta ulikuwa wazi, misumari miwili imechomoza, inangoja.

"Naiuza kwa nani?" Goretti alijikuta anasema ovyo, ili mradi aseme kitu.

"Kwangu," Modeste akajibu. "Nainunua. Itoe sasa."

"Haiwezekani, papa."

"Taja bei."

"Si bei. Tablo ikiuzwa inawekwa alama nyekundu, inabaki ku ukuta mpaka ekspozisio ifungwe. Njo sheria."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

Alitoa kidoti chekundu mfukoni akakibandika kando ya picha. Kidoti kikakaa upande. Lakini kikakaa.

Modeste alikitazama kile kidoti, kisha akaitazama misumari.

"Hii misumari nilitoa mimi," alisema. "Na mbao za fremu."

"Na ninashukuru, papa."

Ilikuwa kweli. Uso wa Modeste ulikuwa umetundikwa kwa misumari ya Modeste.

Yule mzee alitoa simu, akageuka, akatoka uani akiwa ameiweka sikioni.

Goretti hakungoja. Alikimbilia chumba cha nyuma, ambako Mackline, mwangalizi wa ukumbi, alikuwa anasuuza vikombe vya chai.

"Mackline! Simu yako. Yangu haina moto, imezimika."

"Banange! Nyabo, umeona simba?"

"Nimeona mutu."

"Mtu ni nini? Leo watajaa hapa. Umetangaza mwezi mzima, sasa unaogopa watu?"

Mume wake Mackline, Herbert, mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya hapo jirani, aliyekuwa na siku ya mapumziko, aliingia na viti vinne begani.

"Nani nasumbua mama?" aliuliza. "Onesha mimi. Nakamata yeye sasa hivi."

"Herbert, wewe kamata viti," mkewe akamwambia.

Mackline akampa Goretti simu. Ililia upande wa pili. Ikalia. Ikalia. Mama yeyote anajua jinsi mlio ule unavyorefuka.

"Allo?"

"Olga! Uko wapi?"

"Kwa Papa Appolinaire. Mama, ananichora tena, amesema nisijongee, nitaharibu..."

"Sikiliza. Fungeni mulango. Kwa komeo. Musifungulie mutu, hata akisema nimemutuma mimi. Unasikia?"

"Mama, kuko nini?"

"Usiulize! Baki na Papa. Musitoke mu nyumba mpaka nifike."

"Sawa." Kisha sauti ya msichana ikaenda mbali na simu: "Papa, Mama anasema tufunge mulango."

Goretti alisikia viti vikisukumwa. Akasikia chuma kikiteleza juu ya chuma, komeo likiingia mahali pake, kwaa. Halafu akasikia sauti ya Papa Appolinaire, laini kama kawaida yake.

"Mwambie mama yako asante."

Simu ikakatika. Mtandao wa Juru ndivyo ulivyo.

Goretti alishusha pumzi. Mlango umefungwa, mtoto hayuko peke yake, yuko na mtu mzima mwenye akili. Pumzi ile ilikuwa tamu, msomaji. Kumbuka utamu wake, maana haukudumu.

Alirudi ukumbini mbio, akakikwangua kile kibandiko kwa ukucha mpaka karatasi ikachanika.

"Unaondoa nini, na mimi nimekwisha kusoma?"

Modeste alikuwa amesimama mlangoni. Ule mlango ulikuwa mmoja tu wa kutokea mbele, na yeye alikuwa ameujaza.

"Umetuma nani?" Goretti alimuuliza.

"Kutuma fasi gani?"

"Nakivale! Ulikuwa na simu ku sikio. Umetuma nani ku nyumba ya Papa Appolinaire?"

"Nilipigia bibi yangu," alisema Modeste. "Nimemwambia asikuje. Yeye na batoto. Unataka batoto bangu bakuje bavae vizuri, bakae mbele, baone hii?"

Goretti alitegemea akatae. Aseme watu hufanana, aseme mchoraji ni mwongo, apige kelele. Angejua la kufanya na kelele.

"Basi ni wewe," alisema.

"Njo mimi. Sikatae."

Akapiga hatua moja ndani. Goretti aliokota nyundo iliyokuwa sakafuni. Ilikuwa nyundo ndogo ya kupigilia fremu, haiwezi kuua hata panya, lakini aliishika kwa mikono miwili.

"Usinikaribie."

"Weka nyundo chini, mama. Wewe ni mutu wa tablo. Kazi yako ni kuangalia. Angalia."

"Nimeiangalia tangu ikiwa mbichi!"

"Umeangalia uso yangu tu. Kila mutu ataangalia uso yangu. Angalia bale bengine."

Hakutaka. Lakini kazi ikishaingia mtu machoni haitoki hata kwa hofu. Akatazama.

Watu walikuwa majini, mikono juu, wanatazama ukingoni. Juu ya ukingo walisimama wenye bunduki.

"Benye kuwa mu maji, sura zao unaziona?"

"Naziona."

"Na sisi benye bunduki?"

"Migongo," alisema Goretti. "Naona migongo."

"Isipokuwa mimi. Mimi niligeuka nyuma. Angalia kinywa yangu. Ninafanya nini?"

Goretti alitazama kinywa. Siku zote alidhani mtu yule anapiga kelele. Ndivyo alivyomweleza hata mwandishi wa redio aliyekuja kumhoji. Sasa aliona meno, aliona shavu lilivyopanda, akaona macho.

"Unacheka."

"Ninacheka na nani?"

Nje, Herbert alikuwa anapanga viti huku akipiga mluzi.

Kulikuwa na jambo Goretti hakulielewa alipokuwa anatundika picha zile, na sasa lilimrudia lote kwa pamoja. Siku ya kufunga mizigo kambini Papa Appolinaire alimwambia: "Hii uitundike juu, Mama Olga. Ukiiweka chini inasema uongo." Alipofika Nyamitanga aliiweka usawa wa macho, kama picha nyingine zote, na picha ikagoma. Wale watu wa majini walionekana kama wanaelea hewani. Alipoipandisha ikatulia. Alifurahi siku ile. Alisema, huyu mzee ni fundi, anajua mtazamaji asimame wapi.

Alijua, ndiyo. Mtazamaji alisimama juu, ukingoni, nyuma ya migongo ya wenye bunduki. Na mmoja wao aligeuka akamchekea, kama mtu anavyomchekea mwenzake.

"Papa Appolinaire alikuwa pamoja na ninyi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuwa pamoja na sisi," alisema Modeste. "Njo yeye alikuwa anatupatia amri."

Nyundo ilianguka chini.

*Fungeni mlango. Kwa komeo. Baki na Papa.*

Nani alisema maneno hayo? Si Modeste. Si Appolinaire. Mama mtu ndiye aliyesema, kwa ukali, mpaka mtoto akatii. Hatari haikuwa njiani inakwenda kwenye ule mlango. Hatari ilikuwa ndani tangu asubuhi, inamwambia mtoto asijongee.

Alipiga simu. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Mama!" Herbert aliita kutoka nje. "Hapa iko taksi. Meddy naleta mzigo yako."

Olga! Goretti alitoka mbio, akampita Modeste bila hata kukumbuka kumwogopa. Labda msichana alitoroka, labda yumo ndani ya gari, labda ile simu...

Meddy, dereva wa taksi za Nakivale, alikuwa anashusha kitu kipana kilichofungwa kwa blanketi. Kitu hicho tu.

"Olga eko wapi?"

"Hakukuja, nyabo."

"Hakukuja namna gani? Mulipatana umuchukue!"

"Mimi nasimama pale kwa mashine, napiga honi. Mzee anatoka peke yake na hii. Anasema msichana bado iko na kazi. Anasema, ambia mama aweke karibu na ile nyingine." Meddy alimtazama usoni, akaacha kutabasamu. "Kuna mbaya?"

Waliiingiza ndani. Goretti alijaribu kufungua fundo la kamba, likakataa. Mackline alikuja na kisu cha mkate, akakata, akavuta blanketi.

Ilikuwa mto uleule. Siku ileile. Lakini sasa mtazamaji alikuwa majini, chini, anatazama juu, na wale waliokuwa migongo katika picha ya kwanza walikuwa na sura. Kila mmoja na sura yake. Modeste alikuwapo, upande, anacheka. Nyuma yake, mahali pa juu kabisa, alisimama mtu aliyeinua mkono wa kushoto. Kidole cha kati hakikuwa na ncha.

Kule Nakivale kila mtu anakijua kidole kile. Papa Appolinaire huchora kwa mkono ule. Watoto wakimuuliza husema mashine ya kusaga ndiyo iliyokula ncha yake, na watoto hucheka, hukimbia.

"Amejichora yeye mwenyewe," alinong'ona Mackline. "Maama! Nani anafanya hivyo?"

Goretti hakusikia. Alikuwa ameona kitu kingine.

Chini ya picha, maji yakiwa shingoni, msichana mmoja alikuwa anatazama juu. Nywele zake zilikuwa za picha, kama za wengine. Nguo yake ilikuwa ya picha. Uso ulikuwa wa Olga.

Aligusa shavu lile kwa kidole gumba. Kwingine kote rangi ilikuwa imekauka. Hapo ilikuwa bado mbichi. Shavu la mwanawe likabaki kidoleni mwake.

"Huyo mutoto alikuwapo," alisema Modeste nyuma yake. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Lakini hakuwa na ile sura."

"Alikuwa na sura gani?"

"Sikumbuke."

"Kumbuka!"

"Kila mutu namukumbuka, mama. Nikifunga macho wanakuja wote. Yeye anakuja bila uso." Akajifuta mdomo. "Na Appolinaire vilevile. Aliniambia zamani, kabla hatujaachana. Alisema atautafuta ule uso mpaka aupate."

Basi ameupata.

Nje watu walikuwa wameanza kuja. Goretti aliwasikia: viatu vya wake wa wanajeshi kwenye changarawe, vicheko, mtu mmoja akiuliza kama chai ni ya bure. Alikuwa ameingoja siku hii kwa miaka. Aliuza vitenge sokoni ili apate nauli ya kwenda kuomba ukumbi. Alifukuzwa kwenye ofisi tatu. Waliomwambia kwamba mkimbizi haandai maonyesho, mkimbizi huonyeshwa, sasa walikuwa nje, wamepanga foleni, wanangoja afungue.

"Saa nane imefika," alisema Mackline. "Nyabo, tufungue ama tufukuze watu?"

Goretti alifungua funguo kiunoni, akamtia mkononi.

"Fungua wewe."

"Mimi? Nasema nini?"

"Sema karibuni." Alinyanyua picha ya pili akaiegemeza ukutani, chini ya ile misumari miwili. Akaitazama mara moja, kwa jicho la kazi, kisha akatikisa kichwa. "Hii usiitundike hapo juu. Iweke chini, usawa wa kiuno. Wainame."

Msomaji, ndivyo alivyosema. Mtu na kazi yake.

"Gari yangu eko inje," alisema Modeste. "Najua njia. Wewe mwenyewe umeniandikia."

Hapo Goretti alisita. Kuingia gari la mtu huyu, aliyekiri kwa mdomo wake, kukimbilia nyumba ya yule mwingine, ambaye hakuwahi kukiri ila kwa rangi? Barabara ya Nakivale ni ndefu, na baada ya Isingiro kuna mahali huoni nyumba, ni migomba na vilima tu.

"Mimi nakuja," alisema Herbert, tayari amevaa koti. "Sijaelewa kitu hata moja. Lakini nakuja."

Ndipo simu ya Mackline ilipolia mkononi mwa Goretti.

Namba ya Olga.

"Mwanangu!"

"Mama Olga," ilisema ile sauti laini. "Tablo imefika?"

Goretti aliisogeza simu mbali kidogo na sikio, wote wakasikia.

"Mutoto wangu eko wapi?"

"Eko hapa. Anakaa vizuri, hajongei. Ni mutoto mwenye adabu, umemulea vizuri." Akakohoa. "Modeste eko karibu yako?"

Goretti alimtazama Modeste. Mzee wa kanisa alikuwa ameshika ukuta, jasho limemjaa kwenye lile kovu la nyusi.

"Eko."

"Nilijua atakuja. Batu bakubwa banapenda kiti ya mbele. Na nilikuona unaandika njia ya kwangu, kwa herufi kubwa, nikasema, Mungu asante, huyu mama atamuletea Modeste mpaka ku mulango." Sauti haikupanda wala kushuka. "Sasa mulete. Tuko batatu tu tulioona huyu mutoto ku maji, na mumoja amekufa. Nataka Modeste aangalie uso niliomupa, aniambie kama ni wenyewe."

"Na kama si wenyewe?"

Mzee akakohoa tena.

"Papa Appolinaire! Na kama si wenyewe?"

Herbert alimpokonya simu.

"Wewe mzee! Hapa nasema jeshi! Fungua hiyo mlango, toa msichana inje, sasa hivi!"

Upande wa pili mtu alicheka kidogo, bila ubaya, kama babu anayechekea mjukuu.

"Mama Olga, unasikia huyo? Anasema nifungue." Akashusha sauti, na kila neno likaja peke yake. "Na wewe ulituagiza tusifungulie mutu."

Nyuma ya maneno hayo Olga aliita mara moja, "Mama!", na chuma kikateleza tena juu ya chuma, chini zaidi, kizito zaidi.

Ule mlango wa bluu ulikuwa na makomeo mawili.